Gogo Linaondoka na Kazi Yake

Jana nilipitia Kibuye, Kisumu, kwa mjomba wangu fundi, nikampata anapiga randa ubao wa mvule, mlango wa mteja wa Milimani. Huo mvule ulitoka Kongo ukaingilia Busia kwa lori, na ulifika ukiwa mbichi kabisa, ikabidi ausimamishe kwa ukuta miezi kadhaa ukauke, juu ukitengeneza mlango na ubao mbichi mwezi ujao umepinda na mteja amekurudia na hasira.

Nikimwangalia nikafikiria yale magogo mengine ya Afrika yanayopakiwa kwa meli yakiwa mazima yaende Asia, China sana sana, na Vietnam nayo imechukua kwa wingi tali, mti mgumu wa Kameruni.

China haikuanza kununua magogo hivi hivi. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya sana, serikali yao ikaona misitu iliyokatwa huko juu imechangia, ikaanza kuzuia ukataji wa misitu ya asili hadi 2017 ikafunga wa kibiashara kabisa. Lakini viwanda vyao havikufungwa, vilihitaji miti, na mingine ikatoka kwetu Afrika. Mimi siwalaumu kwa kulinda milima yao. Kinachoniuma ni vile sisi tunauza gogo, yaani kupasua, kukausha kwa tanuri, kumenya vinia, zile karatasi nyembamba za mbao, kubandika plaiwudi, kuunda viti, hizo zote ni mishahara na zote zinapanda meli pamoja na gogo.

Gabon walikataa. 2010 wakapiga marufuku kuuza magogo nje, wakajenga eneo la viwanda Nkok karibu na Libreville, na okoumé yao, mti mwepesi unaomenyeka vizuri, siku hizi inatoka ikiwa vinia na plaiwudi. Msumbiji nao wakafuata 2017. Sasa marufuku pekee haitoshi, 2019 hapo hapo Gabon konteina zaidi ya 350 za kevazingo, mti wao wa bei ghali, zilizokuwa zimeshikwa zikapotea bandarini Owendo, makamu wa rais na waziri wa misitu wakafutwa kazi. Mti wa thamani hivo ukiwa na mnunuzi anayengoja, kuna mtu atatafuta njia. Lakini bado naona Gabon walianza mahali pazuri, kwa sababu kiwanda kikishakuwa nyumbani kuna watu wengi wanaokula kwa huo mti, sio tu mwenye lori na mwenye muhuri.

Nilimweleza mjomba haya yote, akasimamisha randa.

"Okewa, kwa hivo hao wa Gabon wana tanuri za kukausha mbao?"

Nikamwambia ndio, ziko.

Akageuka akaangalia zile mbao zingine nne zilizoegemea ukuta, akaenda akaweka kiganja kwa moja, bado ilikuwa baridi ya unyevu.