Pasteur na chupa yake

Bosi aliniambia nitafute picha za kupamba ukuta wa pale wanaposubiri majibu, hapa maabarani kwetu Mwanza. Nikachagua wazee wa tiba. Wamejaa intaneti, na wengi wanachosha: ndevu, tai, basi. Hujui kama ni daktari au hakimu.

Anayenifurahisha mimi ni Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, aliyechorwa mwaka 1885 na Albert Edelfelt, msanii wa Finland. Mzee yuko kazini kabisa, macho yote kwenye chupa ya kioo. Ndani yake kunaning'inia ugwe wa uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. Ulikaushwa humo kwa siku kadhaa, makali ya ugonjwa yakipungua kila siku, ndipo ukatengenezwa chanjo. Julai mwaka huohuo akachanjwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Watoto wetu hawaulizi huyu babu ni nani, wanauliza mle chupani mna nini. Nikiwajibu, namwambia na mama pia: mbwa akimng'ata mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, dakika 15, kisha mkimbize hospitali akachanjwe.

Chapa yenyewe usiweke kioo, taa inamulika na uso huuoni. Na mwambie wa stationari aing'arishe kidogo, maana picha za mafuta za zamani zikichapwa hutoka nyeusi tii.

Robert Koch, daktari wa Ujerumani, tulimbishania. Kila sampuli ya makohozi tunayoipima ni deni lake: bakteria wa kifua kikuu aliwatangaza yeye, 1882. Lakini 1906 hadi 1907 alikuwa kwenye ziwa hilihili letu, visiwa vya Ssese upande wa Uganda, akitibu malale, ugonjwa wa usingizi, kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Wagonjwa wengine wakapofuka. Mwenzangu alisema mambo ya Ssese hayahusu mapambo. Mimi nikasema hapandi ukutani bila maelezo ya yote mawili, na fundi wa fremu akamwongezea kibao chini.

Vesalius, daktari wa zamani aliyepasua maiti kuuchunguza mwili, yuko chumba cha ndani. Ni ile picha ya kitabu chake cha 1543, ameshika mkono uliochunwa ngozi, misuli nje. Dada wa mapokezi alikataa katakata: watu wanasubiri kutolewa damu, wewe unawaonyesha hiyo?