Bakuli la Shwari

Leo ni siku ya 12 tangu Shwari aingie nyumbani, na jioni hii ameniliza. Naandika kabla sijalala.

Shwari ni mbwa wa mbio, grehaundi jike wa miaka minne, rangi ya majivu. Alizaliwa Ireland, kama wengi wanaokimbizwa kwenye viwanja vya Uingereza. Herufi za utambulisho alizochorwa kwa wino masikioni zingali zinasomeka. Alikimbia mpaka kifundo cha mguu wa mbele kikamshinda, ndipo kituo cha kuokoa mbwa kikampokea, nami nikamchukua huko na kuja naye hapa Sheffield.

Maisha yake yote alilala bandani. Ngazi hakuzijua. Siku ya kwanza alisimama mbele yake akitetemeka, kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limesombwa. Nilikaa kwenye kidato cha tatu, nikamwinua mguu mmoja, nikauweka, nikangoja. Kisha wa pili. Vidato 13 vilituchukua karibu nusu saa. Mlango wa kioo nao aliugonga kwa pua mara mbili kabla sijabandika karatasi.

Mama alipomwona kwenye simu kutoka Machame aliguna. "Mwanangu, mbwa analala ndani? Na mbona mbavu zinahesabika, humlishi?"

Nilimweleza kwamba ndivyo walivyoumbwa: ngozi nyembamba, mafuta kidogo mwilini, na mbavu mbili tatu za mwisho zikionekana ndiyo afya yenyewe. Lakini maneno yake yaliniingia. Kwetu mgeni haondoki na tumbo jepesi. Basi usiku wa pili nikapika wali, nikachemsha maini, nikamwagia supu yake, nikamjazia bakuli. Alilamba mpaka chini. Nilifurahi mno.

Saa tisa usiku nikasikia kucha zikigonga sakafu, huku na huku, mbele ya mlango. Nilichelewa kuamka. Alikuwa ameharisha zulia zima, naye amejikunyata pembeni, mkia katikati ya miguu, akisubiri adhabu. Hilo la kusubiri adhabu ndilo lililonichoma. Nilifua zulia mara mbili, na katikati nikakaa naye chini mpaka akaacha kutetemeka.

Asubuhi nilimpigia mama mmoja anayejitolea kituoni. Hakunikaripia. Alisema, "Umembadilishia nyumba, kitanda, harufu na watu kwa siku moja. Chakula mwachie kwanza." Nimeyaandika maneno hayo nikayabandika kwenye friji. Siku mbili alikula kuku wa kuchemsha na wali mweupe, bila chumvi, kidogo kidogo. Kisha tukarudi kwenye chakula kikavu alichotoka nacho bandani, nikichanganya kile kipya robo tu, na kuongeza taratibu kwa siku zaidi ya saba.

Sasa anakula mara mbili, gramu 200 asubuhi na 200 jioni, na chakula nakilowesha kwa maji ya uvuguvugu kwa sababu meno yake ni mabovu, kama ya wengi wa aina yake. Matembezi tunayamaliza kabla ya kula. Mbwa mwenye kifua kirefu namna hii tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujipinda, na likijipinda humwua kwa saa chache. Kwa hiyo akishakula, ni kulala tu. Na kulala anajua! Wakati mwingine analala macho wazi, nami nimejifunza kumwita jina kwanza kabla ya kumgusa, asije akashtuka.

Jambo lililonitia uchungu zaidi ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, na mimi sijui kuanza mchuzi bila kitunguu. Nyumbani mbwa wetu alifungiwa mchana, usiku akafunguliwa alinde, na chakula chake kilikuwa makombo yetu. Nimemkumbuka sana wiki hii. Alikuwa anatulinda, nasi tulimpa tulichokuwa nacho.

Sasa nije kwenye jioni hii. Siku zote hizi Shwari amekula kama mtu anayewahi gari: masikio yamelala nyuma, mgongo umepinda, bakuli analisukuma mpaka ukutani, hainui kichwa mpaka liishe. Mimi nilikuwa naweka bakuli na kuondoka, nampa mgongo.

Leo nilikuwa jikoni nakata vitunguu, naye anakula barazani. Sauti ya bakuli ikanyamaza. Nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni, maji yanamdondoka kidevuni, punje moja imemganda mdomoni. Chakula kilikuwa nusu. Akaja taratibu, akaniegemea pajani kwa uzito wake wote, kilo 26, na meno yakaanza kugongana, tatata, jambo ambalo mbwa hawa hulifanya wakifurahi. Mikono yangu ilikuwa na kitunguu, kwa hiyo sikuweza kumshika. Nilisimama vilevile, mikono juu, nikimwambia, "Haya mama, haya."

Baadaye akarudi kwenye bakuli, akaendelea kula. Safari hii masikio yalikuwa wima.