Kipimo cha Milimita na Kipimo cha Vinasaba katika Ugonjwa wa Fizi

Kifaa tunachokitegemea zaidi sisi matabibu wa meno katika kuchunguza ugonjwa wa fizi ni probu, yaani kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Tunakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, tukizunguka sehemu sita za kila jino, huku msaidizi akiandika tunachomtajia: mbili, tatu, tatu, sita. Hadi milimita 3 hatuna wasiwasi. Kuanzia 4, hasa panapotoka damu, tunajua kuwa ufizi umeachana na jino na mfuko umeanza kujengeka. Ninakithamini sana kifaa hiki, na sitarajii kukiacha. Hata hivyo, kinatusimulia hasara ambayo imekwisha kutokea. Kinapozama milimita 6, nyuzi zinazolishika jino zimekwisha kukatika na mfupa umekwisha kulika, na picha ya eksirei huonyesha jambo hilohilo kwa kuchelewa zaidi. Mgonjwa anapouliza kama meno yake mengine nayo yatalegea, alama za milimita hazina jibu.

Swali hilo si la kubahatisha, kwa sababu watu hawaugui kwa namna moja. Ushahidi ulio wazi zaidi ninaoufahamu ulitoka katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, ambako Harald Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata huduma ya meno, na karibu wote walikuwa na ugaga mwingi na fizi zilizovimba. Pamoja na hayo, asilimia 8 hivi walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa fizi. Uchafu ulikuwa uleule, lakini hatima zikatofautiana. Kwa hiyo ni lazima tuchunguze ni bakteria gani waliomo na mwili unawapokea vipi.

Kwa miaka mingi bakteria walitambuliwa kwa kuoteshwa maabara, kazi ngumu kwa wale wa kwenye mifuko ya fizi, kwa kuwa wengi hufa wakikutana na oksijeni na baadhi hawajawahi kuoteshwa kabisa. Njia ya vinasaba iliondoa kikwazo hicho, kwa sababu haihitaji kiumbe aliye hai bali DNA yake. Mwaka 1998, Sigmund Socransky, Anne Haffajee na wenzao wa taasisi ya Forsyth huko Boston walichapisha uchambuzi wa sampuli zaidi ya 13,000 za utando wa meno kutoka kwa watu 185, wakaonyesha kuwa bakteria huishi kwa makundi. Kundi walilolipa rangi nyekundu, la Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola, ndilo lililoambatana zaidi na mifuko yenye kina kirefu na inayotoka damu.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa maana ziko maabara zinazomuuzia mgonjwa orodha ya majina ya bakteria kana kwamba orodha hiyo ndiyo utambuzi wa ugonjwa. Porphyromonas gingivalis hupatikana pia kwa watu wenye fizi nzima. Tena, jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2011 na kundi la George Hajishengallis lilionyesha kuwa bakteria huyo, hata akiwa chini ya asilimia 0.01 ya wote waliomo, huivuruga jamii nzima ya bakteria hadi mfupa ukapotea. Lakini kwa panya wasio na bakteria wengine, peke yake hakuharibu mfupa. Kuwepo kwake ni dalili ya kuzingatiwa, si hukumu.

Iko hali moja ambapo jina la bakteria lina uzito mkubwa, nayo inatoka barani kwetu. Aggregatibacter actinomycetemcomitans ana aina iitwayo JP2, ambayo imepoteza herufi 530 za DNA katika eneo linalodhibiti sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Kwa kupoteza kipande hicho, sumu huzalishwa kwa wingi zaidi. Dorte Haubek na wenzake waliwapima vijana wa shule mjini Rabat, Moroko, na ripoti yao ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa, katika miaka miwili, waliokuwa na JP2 na fizi zao zilikuwa bado nzima walikuwa na hatari ya kuugua takriban mara 18 kuliko wasiokuwa na bakteria huyo. Waliobeba aina nyingine zake walikuwa na hatari mara 3 hivi. Hiyo ndiyo maana ya kipimo kinachotangulia madhara. Nacho si cha ajabu kiufundi: ncha ya karatasi huwekwa mfukoni mwa ufizi, DNA huzidishwa kwa PCR, yaani mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu wake, mstari wa JP2 husimama kwenye herufi 492 badala ya 1,022. Mwenye macho ya kawaida anauona.

Kwa upande wa mwili, kipimo kinachonivutia ni cha kimeng'enya MMP-8, ambacho chembe nyeupe hukitoa na ambacho hukata kolajeni, yaani protini ya nyuzi zinazoushikilia ufizi. Timo Sorsa na watafiti wenzake wa Helsinki walikifuatilia hadi kukawa na kipimo kinachofanyika papo hapo kando ya kiti cha mgonjwa: mgonjwa husukutua kwa maji safi, na baada ya dakika 5 hivi kijikaratasi kilicholoweshwa kwa maji hayo huonyesha mstari mmoja au miwili. Mistari miwili humaanisha kwamba tishu zinavunjwa sasa hivi.

Huku kwetu mashine za PCR ziko katika hospitali nyingi, kwa ajili ya kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, na ninaamini sampuli za fizi za vijana zinastahili nafasi humo. Simaanishi kila anayetoka damu fizi. Wengi wao wanahitaji kusafishwa ugaga, kufundishwa kupiga mswaki vizuri na kupimwa kisukari. Namaanisha kijana wa miaka 15 ambaye magego ya kwanza na meno ya mbele yanalegea ilhali utando ni mchache. Kwake jibu hubadili tiba, kwa kuwa usafishaji wa kina huweza kuambatana na dawa za kuua bakteria, amoksisilini na metronidazoli. Na kwa sababu bakteria huyu huenea ndani ya familia, kijana kama huyo ninapomwona huwaomba wazazi wawalete na wadogo zake, hata kama hawana wanacholalamikia.