Jicho la babu linawaka

Jana mjukuu kanisogezea simu mpaka puani, "Babu, mbona kwenye picha hii jicho lako linawaka kama la paka?" Nikamwambia ni lenzi ya bandia hiyo, niliyowekewa nilipopasuliwa mtoto wa jicho, imepigwa na flashi. Akataka niitoe aione.

Basi nikakumbuka ile asubuhi ya kufunguliwa bandeji. Walikuwa wamefanya la kulia tu, la kushoto linasubiri zamu. Nesi kabandua plasta, machozi yakanichuruzika, halafu nikaona shuka la kitanda. Jamani, shuka! Jeupe mpaka linaelekea bluu. Nikafumba la kulia, nikatazama kwa la kushoto, shuka lilelile limekuwa manjano kama gazeti lililosahaulika juani. Nafumba hili nafumbua lile, jeupe, manjano, jeupe, manjano, nesi ananiuliza vipi mzee unaumwa, mi hata kujibu siwezi maana ndo kwanza naelewa kwamba miaka yote ile nimegombana na watu nyumbani eti mashati hayatakati, kumbe uchafu nilikuwa nao mwenyewe jichoni. Mke wangu sijamwomba msamaha mpaka leo, na humu simwambii aje kusoma.

Mengine yakaenda mbio. La kushoto likafanyika, dawa ya matone wiki nne, kigao cha jicho usiku nisije nikalisugua usingizini, miwani ya kusomea ikabaki palepale kwa sababu lenzi niliyowekewa ni ya kuonea mbali. Nikajitangaza nimepona, kliniki nikaipa kisogo.

Mwaka wa pili ukungu huo, umerudi. Nikakaa nao miezi nimenuna, nasema mtoto wa jicho kaota tena. Daktari kacheka, haoti huyo mzee, lenzi yako ya asili ilishatoka, ni kile kifuko kilichoshika lenzi mpya ndo kimefanya utando kwa nyuma. Akapiga leza, dakika chache tu, wala haikuuma. Vidoa vikaelea siku kadhaa vikatulia. Akanionya, vikija vingi kwa ghafla, au uone vimulimuli, au kivuli kama pazia linashuka, usingoje kesho.

Siku hizi kila mwaka naenda kupimwa. Ila ile bluu ya shuka siioni tena, macho yote yanaona sawa, shuka ni shuka tu. Kuna saa nafumba moja nafumbua jingine, natafuta ile tofauti. Mjukuu kanikuta nafanya hivyo, kadhani namkonyeza, na yeye akakonyeza.