Sijafukuzwa Ujerumani, nimerudi tu Kaloleni

Kabla uvumi haujatoka Kaloleni yetu ya Nairobi ukafika Jericho, mtaa wa jirani, makaratasi yangu yako sawa, nimerudi mwenyewe kwa hiari yangu. Ndio, gita nimekuja nalo. Na hapana, hakuna gari langu linakuja Mombasa kwa meli.

Hamburg nilikuwa napigia bendi za watu, shoo za wikendi, harusi za Waafrika, na pesa haikuwa mbaya sitawadanganya. Shida ilikuwa Desemba. Kule Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia, na kwa nyumba huwezi piga kitu, ikifika saa nne usiku sheria inataka kimya, na hata kabla ya hapo jirani anakubandikia barua mlangoni, ya heshima kabisa, mtu mnapishana naye kwa ngazi kila asubuhi na hajawahi kukuuliza jina. Polepole nyimbo zikaacha kuja, halafu usingizi ukafuata, halafu nikaanza kutoshika simu za mathee, namtumia pesa na "niko sawa", na mathee si mjinga.

Niliona kaunsela huko na alinisaidia sana. Naandika wazi juu hapa kwetu ukisema kichwa kimechoka unaulizwa kama upelekwe Mathari, kicheko, mambo yameisha. Ile hospitali ya wagonjwa wa akili iko tangu 1910 na bado tunaijua kama matusi. Na sisi wanamuziki ndio wabaya zaidi, mwenzetu akianza kupotea tunamwongezea chupa tunasema usanii ndio huo. Mpaka juzi mtu akijaribu kujiua alikuwa anaweza kushtakiwa, ni Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka katiba. Sasa msanii aliyefika hapo kabla, angemwambia nani? Polisi?

Haya, Kaloleni. Hizi nyumba za kanjo za miaka ya 1940 hazina siri, ukikohoa jirani anasema pole. Nikatoa gita nje, naitafuta solo fulani ya benga, ule muziki wetu wa gita, bado mbovu kabisa, nikasikia mzee wa nyumba ya pili, alikuwa anapiga besi kwa studio za River Road enzi za santuri, anapaza sauti kutoka kwake, "Wee kijana, unakimbia wapi? Ngoja besi ifike!" Akaja na besi yake imebaki nyuzi tatu, hakuuliza Ulaya kulikuwaje, akaketi tukapiga mpaka mathee akatuletea chai. Hapo ndio nikaelewa kitu. Benga ni watu kujibizana, mwimbaji ananyamaza solo inamjibu, besi inaijibu solo, na mimi Hamburg nilikuwa najibizana na laptop usiku kucha nikishangaa mbona kila wimbo unakufa katikati.

Lakini mtaa pia unachosha jamani, msione nausifu tu. Kila harambee jina langu liko juu ya listi, "wewe wa majuu", na kuna klabu moja mjini tulipiga wakatupa nusu, ile nyingine eti itaingia kwa Mpesa, bado naangalia simu. Siku hizi kwa matanga nasema mapema, mchango wangu ni gita, pesa sina. Wengine wamenuna. Na kaunsela bado naye, nimepata wa hapa mjini, juu mzee anajua besi lakini usiku wa manane siwezi kumwamsha.

Nimemaliza wimbo mmoja, wa pili mzee anaukataa. Nilienda Korogocho nikaona watoto wa Ghetto Classics, kikundi cha muziki cha huko, wanapiga violin na tarumbeta pale kanisa la St John's, dampo la Dandora liko hapo karibu, wanafanya hivyo tangu 2008, nikasema na sisi social hall tunayo, tunangoja nini. Kwa hivyo Jumamosi mchana tuko hapo. Mpiga drums hatuna, kama unapiga kuja, kama unazo drums na hupigi zilete tu. Mzee amesema atakayechelewa atapewa kayamba.