Gia ya Pili

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, mtumba wa Kijapani, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Ubaruku, kule Mbarali, aliyelitumia kulimia majaruba yake ya mpunga na ya majirani. Lilikuwa linachomoka gia ya pili. Barabarani halikuwa na neno. Lakini lishushie rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka linalofungwa nyuma, kwenye tope, lianze kusikia mzigo, gia inaruka yenyewe na trekta linabaki linanguruma palepale. Kijana wake alikuwa analima mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umekandamiza gia.

Wakati huo nilikuwa spanaboi kwa fundi mmoja mtu mzima, sote tukimwita Babu. Babu hakupenda kufungua giaboksi, na sababu alikuwa nazo. Kwanza alitoa boliti ndogo ya juu, akachomoa springi na gololi inayozuia gia isirudi, akaweka springi mpya. Tukaingia shambani. Gia ikaruka. Ndipo aliponiambia nikinge beseni nimwage oili. Ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa.

"Mama, humu maji yameingia."

"Ya jaruba, fundi?"

"Na mchanga wake."

Sili ya shafti ya nyuma, ile inayozungusha rotaveta, ilikuwa imekwisha.

Trekta la aina ile halina chesesi. Injini, klachi, giaboksi na difu vimeungwa kwa boliti, na hivyo vyenyewe ndio mwili. Ukitaka giaboksi, unalikata trekta vipande. Kabla ya spana yoyote, Babu alipigilia kabari za mti pande zote mbili juu ya ekseli ya mbele, maana ekseli hiyo inacheza kwenye pini moja ya katikati; ukiachanisha bila kabari, injini inalala ubavu. Tukaweka magogo chini ya difu, tukasimamisha miti mitatu, tukatundika winchi ya mnyororo. Waya na mipira ya haidroliki nilifunga vitambaa vya rangi ili tusije tukabishana baadaye.

Ndani mambo yalijieleza. Beringi ya nyuma ya shafti inayobeba gia ilikuwa imelika hadi shafti inapiga danadana, foki, ile inayosukuma gia, imesagika upande mmoja, na meno ya gia ya pili yamechongoka nchani. Shafti ikipinda kidogo, meno yanasukumana yenyewe mpaka gia inatoka. Springi ilionewa bure.

Babu aliifuta beringi kwa dizeli, akasoma namba: 6206. Nilifurahi kuliko yeye. Namba hiyo ni ileile dunia nzima, milimita 30 ndani, 62 nje, unene 16, kwa hiyo nilikwenda Mbeya na kuinunua bila kumtajia muuzaji trekta gani. Gia tuliipata kwenye trekta lililokufa. Foki ilichomelewa shaba, Babu akaipiga tupa taratibu akiipimapima. Gasketi tulikata kwa karatasi nene, ila baada ya kulinganisha unene na ile ya zamani. Ikizidi, beringi inalegea.

Kurudisha ndiko kulikotutoa jasho. Shafti haikutaka kuingia kwenye pleti ya klachi, imebaki nafasi ya kidole. Mimi nikashika spana nivute kwa boliti. Babu akaniwekea mkono kifuani: hausingi ni chuma cha kumimina, ukilazimisha inapasuka. Akanituma nizungushe puli ya mbele ya injini kidogo kidogo, huku yeye akisukuma kwa goti. Meno yakaonana, ikaingia yenyewe.

Giaboksi tuliisafisha kwa dizeli, tukatia oili mpya, na Babu akalima jaruba zima kwa gia ya pili, mikono yote kwenye usukani.

Ugomvi ukabaki kwenye malipo. Mama alitaka kumalizia deni kwa mpunga wa aina ya Saro baada ya mavuno. Babu akasema Saro apelekewe muuza beringi, yeye anakula mpunga wa Supa. Wakavutana mpaka jua likazama, na Supa ikatoka, lakini debe moja pungufu.