Mvua ikinyesha, nani ameongeza nauli?

Jana jioni mvua imeanza mwendo wa saa kumi na moja, kufika steji ya Railways hapa Nairobi naskia makanga wa Rongai anaimba "mia mbili, mia mbili", na asubuhi nimekuja tao na mia. Nikacheka peke yangu kwa laini, maana siku nzima kazini tulikuwa tunabishana swali hilohilo juu ya mifumo yetu ya malipo: nani ameamua? Hakuna. Makanga hajaitwa mitingi. Matatu zimekwama kwa maji huko mbele, watu wamejaa steji, bei imejipandisha yenyewe.

Mark Maier, mhandisi wa mifumo, aliandika juu ya mambo haya 1998, mifumo iliyojengwa kwa mifumo mingine. Kila kipande kinajiendesha, kina bosi wake, kinabadilika kwa wakati wake, halafu vikikutana vinatoa tabia ambayo ukifungua kimoja kimoja huipati. Fungua mat yote hadi injini, nauli ya mvua haimo.

Mimi kazi yangu ni kuunganisha malipo ya maduka. Ijumaa moja benki fulani (siitaji, bado tunafanya nao kazi) wakaanza kututumia namba za simu zikianza na 254 badala ya sifuri. Kwao ni apdeti ndogo, wameipima, imepita. Kwetu sisi 07 na 2547 ni watu wawili tofauti, kwa hivyo pesa zinaingia lakini hazina mwenyewe, na Jumamosi yote niko kitandani na laptopu nalinganisha majina kwa mkono huku mama mmoja wa duka ananipigia kila nusu saa, "mwanangu, zangu umeziona?"

Bosi wetu akasema tuwalazimishe. Utalazimisha benki na nini? Kadi za kulipa nauli ya matatu bila keshi, za 2014, serikali yenyewe ililazimisha na bado zilikufa, kila kampuni na kadi yake, na dere na makanga wanakula kutoka kwa keshi ya siku, nani angekubali? Chenye tunaweza kushika ni pale tunapoungana tu. Sasa tunapokea namba zote mbili, na ujumbe tusioujua tunauweka kando badala ya kuutupa. Si kazi ya kujisifu nayo, ni viraka, lakini nimelala Jumamosi mbili.

Na ile mia mbili nililipa. Kwa simu, namba ya makanga imeandikwa na maka pen juu ya mlango, hakuna mtu alimlazimisha.